Kava ya Sentimita Ishirini na Tano

Alhamisi, mwezi wa nane. Upepo.

Umevuma tangu asubuhi, ule upepo wa Dodoma unaozoa vumbi la mtaa mzima na kukuletea mezani. Nimefunga madirisha, nimefunga mlango, nimeziba chini ya mlango kwa kanga kuukuu, na bado kuna mchanga kwenye bakuli la sukari. Siku nyingine ningelalamika. Leo nina furaha mbaya, na nilipanga niile yote peke yangu kabla sijaomba toba.

Kesho saa nne asubuhi kuna mtu atasimama ukingoni mwa shimo, mbele ya kamati nzima, atainama kidogo, na atasoma jina lake mwenyewe.

Nimeisubiri siku hiyo kuliko nilivyowahi kusubiri kitu chochote, harusi ya dada yangu ikiwemo.

Kwa anayeingia hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi sanifu wa barabara. Kazi yangu ni kofia ya plastiki, futi kamba, levo ya kupimia vimo vya ardhi, na kubishana na madereva wa greda. Au niseme ilikuwa kazi yangu. Mwezi uliopita nilipewa barua ya kuachishwa, fupi, yenye mhuri mkubwa kuliko maneno. Inasema kwamba mimi, Yustina, nililaza mabomba ya kalavati la korongo la Machaka juu kuliko ramani ilivyoagiza, kwa uzembe, bila kumjulisha mhandisi wangu.

Bila kumjulisha.

Nilipofika kwenye maneno hayo nilicheka mpaka mama mwenye nyumba akaja kugonga mlango kuuliza kama niko mzima.

Mhandisi mwenyewe sitamtaja jina hapa, kwa sababu mtandao una masikio na mimi sina wakili. Nitamwita Mchongoko. Ni kwa sababu ya viatu vyake. Huyu bwana alikuwa anakuja saiti, kwenye kifusi na kokoto, amevaa viatu vyeusi vya ncha kama mtu anayekwenda kuposa. Sisi tumevaa mabuti, matope yamefika magotini, yeye anaruka ruka kutoka jiwe hadi jiwe asichafuke. Mafundi walikuwa wanamwigiza akiondoka. Na mimi nilimwigiza, tena vizuri.

Niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, maana hasira yangu yote imo humo.

Bomba la zege linalofukiwa chini ya barabara ni gumu, lakini halibebi mzigo peke yake. Linasaidiwa na udongo. Tairi la lori likikanyaga juu, udongo unaupokea ule uzito na kuutawanya pande zote, ukilifikia bomba makali yake yameshapungua. Chukua yai ulifukie mchangani, kina cha ukucha tu, halafu ukanyage. Kisha chukua yai lingine, chimba mpaka kiwiko kizame, lifukie, shindilia vizuri, ukanyage tena. Bibi yangu wa Kibakwe angelielewa somo hili bila kwenda chuo, ingawa mimi ningechapwa kwa ajili ya mayai.

Huo udongo wa juu ya bomba saiti tunauita kava. Ramani ya barabara yetu ilitaka kava isipungue sentimita sitini. Haipunguzwi, na haizidishwi ovyo pia, kwa sababu ukilizamisha bomba sana, tumbo lake linakuwa chini ya sakafu ya korongo, na mvua ya kwanza tu inalijaza mchanga mpaka mdomoni. Kina cha bomba kina adabu zake. Mtu aliyesoma anazijua. Mchongoko amesoma kuliko mimi.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa kumi na moja, tulichimba mtaro wa kulaza mabomba pale Machaka, tukagonga mwamba kabla hatujafika hata nusu ya kina. Siyo jiwe la kung'oa, mwamba wenyewe, wa kijivu, umelala kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Mtalimbo ukigonga unarudi na kukutetemesha meno.

Njia zilikuwepo. Tungeweza kuleta mashine ya kuvunja mawe. Tungeweza kunyanyua tuta la barabara pande zote mbili, tukaongeza kifusi, bomba likabaki pale juu na bado likapata kava yake. Zote mbili zinataka siku kadhaa, na mawingu yalikuwa yameanza kujipanga upande wa Mpwapwa. Mchongoko alitaka kalavati liwe limefukiwa Jumamosi, aandike kwenye ripoti kwamba limekwisha.

"Lazeni hapo hapo," alisema.

Nikapima mbele yake. Nikamwambia kava itakuwa sentimita ishirini na tano, na bomba litakaa juu ya mwamba bila hata kitanda cha mchanga. Akashusha miwani, akanitazama kama mtu anayetazama risiti.

"Yustina, huku inapita lori gani? Ni punda na baiskeli hizi."

"Mhandisi, mavuno yakifika mahindi yote ya vijiji hivi yanapita hapa kwenda sokoni Kibaigwa."

"Lazeni. Ukiona huwezi, Mtumba pale, kwenye ofisi za serikali, wamejaa watoto wana vyeti mkononi, wanatafuta pa kujishikiza."

Mkataba wangu ulikuwa unaisha Desemba.

Nikalaza.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya nicheke ile barua. Tulikuwa na fundi mwashi wetu, Mzee Lameck, mtu wa pale pale kijijini, anayeziba viungo vya mabomba. Kalavati letu lina pete nane za zege, zimepangwa moja baada ya nyingine, na kila pete mbili zinapokutana anazungushia ukanda wa saruji. Mzee huyu ana desturi yake. Akimaliza kiungo, kabla saruji haijakaza, anachukua msumari na kuandika tarehe. Anasema kitu kisizikwe bila kuandikwa. Kuna makalavati mkoa huu yana mwandiko wake chini ya ardhi na hakuna anayejua ila yeye.

Siku ile Mchongoko alipokuwa anaondoka, akaona njia fupi ni kukatiza juu ya mabomba. Akakanyaga kiungo kibichi, kile cha pete ya sita na ya saba. Ncha ya kiatu ikazama. Akatukana, akafuta kiatu chake kwa karatasi, akamgombeza mzee kwa kuweka saruji njiani, akapanda gari akaondoka zake.

Mzee Lameck akanyanyua mwiko apasawazishe.

Nikamwambia, "Paache mzee. Nipe huo msumari."

Niliandika juu ya ile alama ya kiatu, herufi kubwa, taratibu, ulimi umetoka nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Niliandika tarehe. Nikaandika: KAVA SM 25. RAMANI SM 60. AMRI YA MHANDISI, nikaweka majina yake yote matatu. Na chini kabisa: NIMEMWAMBIA AKAKATAA. Y.M.

Kesho yake tukafukia.

Ile siku nilirudi kambini nimechangamka, siwezi kusema uongo. Nilikula ugali na mlenda kwa Mama Sechelela, nikaongeza. Huyu ndiye mama aliyekuwa anatupikia. Nyumba yake iko hatua chache kutoka kwenye korongo, na jiko lake lilikuwa ndilo ofisi yetu, benchi letu na kanisa letu siku za mvua. Alikuwa akinipakulia wa kwanza, kabla ya wanaume, akisema mwanamke anayebeba levo juani anastahili nyama ya juu. Nilikula huku nacheka moyoni. Nilijiona mjanja. Nilijiona nimeshasema, na ushahidi umekaa mahali ambapo Mchongoko hawezi kuuchana.

Mkataba ukaongezwa. Nikabaki kusimamia matengenezo ya barabara ile ile.

Mvua za kwanza zikapita, kalavati likasimama. Mvua za pili likasimama. Greda nayo ikawa inakwangua juu kila msimu, kwa hiyo hata ile kava ya ishirini na tano sidhani kama ilibaki yote. Mimi mwenyewe sikuwahi kupita juu yake tena. Nilikuwa namwambia boda ashuke pembeni, apite mchangani kwenye korongo, na yeye alikuwa ananicheka, fundi wa barabara anayekimbia barabara.

Mwaka huu, mwezi wa saba, lori la mahindi likafika pale likiwa limejaa hadi juu. Tairi la nyuma likazama, pete ya tatu ikavunjika paa lake, lori likalala ubavu. Mama Sechelela alikuwa amekaa juu ya magunia yake mwenyewe, anakwenda kuyauza Kibaigwa. Aliangukia kwenye mawe ya mdomo wa kalavati, gunia likamfuata. Nyonga.

Hatalima mwaka huu. Pengine na mwaka unaofuata.

Watu wakajaza mawe kwenye lile shimo, magari yakaanza kupita mchangani. Ripoti ya Mchongoko ikatoka upesi kuliko ripoti yoyote aliyowahi kuandika maishani mwake. Inasema siku mabomba yanalazwa yeye hakuwepo Machaka kabisa, alikuwa kwenye kikao Mtumba, na fundi alisoma levo vibaya. Ukurasa wa siku ile kwenye shajara ya saiti haupo. Umechanwa vizuri, kwa rula.

Basi tangu nipewe ile barua nimekuwa mtu wa kisasi, na nimekifanya kama kazi ya kuajiriwa. Nimeamka nacho, nimelala nacho. Nimeandika barua tatu kuomba kalavati lifukuliwe mbele ya kamati, na mbili hazikujibiwa, ya tatu ikajibiwa. Kamati imeundwa, mwenyekiti wake ni mhandisi mmoja mama mtu mzima, mkali, hajui kutabasamu, nampenda tayari. Sijamwambia mtu kilichoandikwa pale chini, isipokuwa Mzee Lameck ambaye alikuwepo. Sikutaka Mchongoko apate fununu akaenda na nyundo. Nilitaka aje na viatu vyake.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeandika methali hiyo kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo changu. Kila nikipiga mswaki naisoma.

Nilishapanga hata nitakachovaa. Shati jeupe, lililopigwa pasi, na mabuti yangu ya saiti, ili watu walinganishe miguu.

Kamati imetupa kila mmoja fomu ya maelezo ya kuwasilisha kesho. Maswali nane. Nimejaza yote kwa kalamu nyeusi, kwa mwandiko wangu bora, isipokuwa la saba. La saba linauliza: baada ya kugundua kasoro, ulichukua hatua gani? Jana nilijiambia hilo ni swali refu, nitalijaza nikitulia.

Leo asubuhi nilikwenda Machaka. Nilitaka kuhakikisha maandishi yapo, nisije nikaaibika mbele ya kamati kwa kufukua saruji tupu. Mzee Lameck alikuwa ananingoja na jembe begani.

"Mbukwenyi, fundi."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, tumfufue mtu wako."

Tukapima kutoka kwenye mdomo wa kalavati mpaka pete ya sita. Tukachimba. Nataka niseme jambo hili kwa sababu limenifurahisha mno: tulichimba kwa jembe la mkono, na hatukufika hata kutoka jasho. Mchongoko angefukia kwa kina alichoagizwa, tungehitaji vijana wanne na sururu, na ingetuchukua asubuhi nzima. Uvivu wake ndio uliotufungulia mlango.

Mzee akamwaga maji ya kopo, akasugua kwa brashi ya matete. Herufi zikaanza kutoka. Kwanza tarehe. Halafu KAVA. Halafu majina yake matatu, kamili, mpaka herufi ya mwisho. Na chini ya majina, ile ncha. Imekaa pale kama imepigwa chapa. Mtu aliyekuwa kwenye kikao Mtumba ameacha kiatu chake Machaka.

Nilipiga kigelegele. Mimi, mtu mzima, peke yangu katikati ya barabara. Nikapiga picha sita. Nikacheza kidogo pia. Mzee Lameck akasimama akiegemea jembe lake, anatikisa kichwa, lakini nilimwona anacheka.

Kigelegele ndicho kilichomtoa Mama Sechelela.

Nilimwona anakuja kutoka nyumbani kwake, na magongo mawili, polepole, anapumzika kila baada ya hatua kadhaa, upepo unamvuta kanga. Nikakimbia kumpokea, akakataa kushikwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmezika nini hapo mnachokifurahia hivyo?"

"Njoo uone dawa ya yule mtu, mama. Aliyekuvunja nyonga. Njoo uone."

Niseme ukweli, nilikuwa natamani hata yeye aone. Wiki zote hizi nimekuwa nikijiambia namlipizia yeye. Nimemwambia kila anayenisikiliza: siyo kwa ajili ya kazi yangu, ni kwa ajili ya yule mama. Nilikuwa nimeiamini hotuba hiyo.

Akafika ukingoni. Akaangalia chini. Macho yake hayasomi maandishi madogo, akasema, "Nisomee."

Nikamsomea. Nilisoma kwa sauti, kwa madaha, majina ya Mchongoko nikayatamka moja moja kama mwalimu anayeita mtoto mtoro. Nikamwonyesha alama ya kiatu. Nikamaliza na ile ya mwisho, ninayoipenda kuliko zote, ile inayonisafisha.

Mama Sechelela akahamisha gongo moja, akainama zaidi juu ya lile shimo.

"Soma tena hiyo ya mwisho," akasema.

"Nimemwambia akakataa. Y.M."

"Y.M. ndiyo wewe."

"Ndiyo mimi, mama."

Akageuza uso, akaangalia chini kwenye korongo, kule mchangani ambako magari yanapita sasa.

"Kumbe ndiyo maana."

Nikamuuliza ndiyo maana ya nini.

"Pikipiki yako. Ilikuwa inashuka pale mchangani kila siku, miaka miwili. Mimi nikawa nawaambia watu, yule binti anaogopa makalavati, labda aliwahi kuanguka. Nilikuwa nakuonea huruma."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua pa kujificha, maana ukali nauweza, nimeufanyia mazoezi. Alisema kama mtu ambaye amekuwa akitafuta kitu kilichopotea ndani ya nyumba na sasa amekiona kilipo.

Mzee Lameck alikuwa ameinama, anachezea brashi yake. Hakunitetea. Na yeye alikuwepo siku ile, lakini yeye alijua kusoma saruji tu, levo nilikuwa naisoma mimi.

"Kesho nitakuja kusikiliza," Mama Sechelela akasema. "Sasa ingieni nyumbani, chai iko jikoni."

Akageuka, akaanza kurudi, hatua moja na magongo mawili.

Sikwenda kunywa chai. Nilimwambia Mzee Lameck afukie tena, nikapanda boda nikasema nina haraka. Boda akauliza tupite wapi, juu au mchangani. Akashuka mchangani mwenyewe, kwa mazoea.

Sasa ni jioni, chai yangu imepoa, ina vumbi juu.

Nimejaribu kujitetea. Mimi ni bingwa wa kujitetea, nimejaza maswali saba ya fomu kwa kujitetea. Ningemwambia nani? Bosi alikuwa ni yeye. Ningepoteza mkataba. Nina mama anayenitegemea. Yote ni kweli. Lakini kumwambia mwanamke anayenipakulia chakula kila mchana kwamba "mama, ukipanda lori, shuka kabla ya korongo, uvuke kwa miguu" hakukuhitaji mkataba. Hakukuhitaji hata kalamu. Nilikaa kwenye benchi lake, nikala nyama ya juu, na nilikuwa na maneno hayo kinywani pamoja na ugali.

Nilimwambia boda. Ndiye mtu pekee niliyemwambia, na sikumpa sababu.

Nitaandika hapa kitu ambacho sijawahi kukiandika. Ule msumari sikuushika ili mtu asiumie. Niliushika ili siku mtu akiumia, lisiwe kosa langu. Nilizika ushahidi, nikakaa kuusubiri uote. Miaka miwili nzima nilikuwa nasubiri lile bomba livunjike ili nionekane nilikuwa sahihi, na likavunjika.

Wala msidhani nimemsamehe Mchongoko. Nimejipekua, huruma kwake sijaiona. Alijua kama nilivyojua, akatoa amri, akachana ukurasa, akaniachia mimi mzigo na kujificha nyuma ya kikao cha uongo. Nataka asimame pale kesho na vumbi limwingie puani. Nataka yule mwenyekiti asiyetabasamu amwambie, hebu weka mguu wako hapa mhandisi, tulinganishe. Nataka arudi Dodoma bila kuongea na mtu ndani ya gari. Kisasi changu ni kizima, hakijapungua hata sentimita moja.

Ila nimekwenda kwenye kioo nikabandua ile methali.

Halafu nimechukua fomu. Swali la saba: baada ya kugundua kasoro, ulichukua hatua gani? Wameacha mistari sita ya kujibu. Nilikaa nayo mpaka jua likazama. Niliandika sentensi moja nzuri kwenye karatasi ya pembeni, kuhusu kuweka kumbukumbu ya kiufundi kwenye kiungo cha bomba, nikaisoma, ilikuwa inanuka Mchongoko. Nikaikata.

Nimejibu kwa maneno mawili, na mistari mitano imebaki mitupu.

Nilipita mchangani.

Kesho saa nne. Nitavaa lile shati jeupe. Nitasoma kwa sauti, ili na yule aliye kwenye magongo asikie vizuri, na nitaanza na majina yake, yote matatu. Halafu nitafungua fomu yangu, nisome la saba.